Msitupe ng'ombe wa udongo: barua kwa wazazi vijana na walimu wa chekechea wa Dodoma

Wanangu,

Juzi nilimfuata mjukuu wangu shuleni, chekechea moja ya huku kwetu Nkuhungu. Nilimkuta getini amejiinamia. Halii, ila midomo inamtetemeka. Asubuhi alikuwa amepeleka ng'ombe watano aliowafinyanga mwenyewe kwa udongo wa mbuga, pembe za miiba ya mgunga, mmoja wao ana nundu kubwa kuliko kichwa. Siku hiyo walitarajiwa wageni. Mwalimu akaona ng'ombe wale wanachafua meza, akawafagilia kwenye ndoo ya taka. Mahali pao yakapangwa magari ya plastiki yakiwa bado kwenye maboksi, na watoto wakaambiwa wasiyaguse. Nyuma ya jengo moshi mweusi ulikuwa unapanda: midoli ya mwaka jana iliyovunjika inachomwa pamoja na majani makavu.

Siku tatu sijapata usingizi mzuri. Nimefundisha kazi za mikono miaka mingi, na wengine mnaosoma hapa nimewashikisha koleo mimi mwenyewe. Nisikilizeni.

Yale magari ya plastiki yaliyowekwa mezani ni mafuta. Mkisikia mafuta mnawaza petroli ya bodaboda, lakini mafuta ghafi yakisafishwa hutoa pia kitu kinachoitwa nafta, na nafta pamoja na gesi asilia ndivyo vinavyopikwa kwa joto kali mpaka vikatoa malighafi ya plastiki. Dunia sasa inatafuta namna ya kuachana na mafuta, na hata asiyetaka kuyaacha anajua kwamba kisima hakijazwi upya. Hapa Dodoma tumeshaonja mwanzo wake: tangu 2024 treni ya umeme inatufikia kutoka Dar es Salaam. Lakini angalieni tofauti. Kwa treni, mafuta yalikuwa chakula tu. Umeibadilishia chakula, inatembea. Kwa mdoli wa plastiki, mafuta ndiyo nyama na mfupa. Ukiyaondoa, hakuna mdoli.

Tena plastiki imekuwa rahisi kwa sababu inapanda mgongo wa petroli na dizeli. Mitambo ya kusafisha mafuta imejengwa kwa ajili ya magari, na nafta inatoka humo humo. Siku magari yatakapoacha kunywa, nani atachimba, atasafirisha na kusafisha mafuta ghafi kwa bei ile ile ili mtoto wa Nkuhungu apate gari la kuvunja kwa wiki moja?

Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yaje Dodoma, bei ya mafuta ilianza kuruka. Ndani ya miezi michache pipa likafikia karibu mara nne ya bei yake. Huko Ujerumani Magharibi kilikuwepo kiwanda cha familia ya Brandstätter kilichokuwa kikitengeneza midoli mikubwa ya plastiki. Malighafi ikawa ghali. Mwenye kiwanda akamgeukia fundi wake, Hans Beck, aliyekuwa na wazo la vitu vidogo, na mwaka 1974 wakatoa vidoli vya watu viitwavyo Playmobil, urefu wao sentimita saba na nusu. Plastiki kidogo, mchezo mwingi. Hayo yalitokea mafuta yalipopanda bei tu, hayajaisha.

Mtaniambia kuna plastiki ya mimea. Ipo. LEGO, kampuni ya matofali ya plastiki ya kuchezea, tangu 2018 wanatengeneza majani na miti yao midogo kwa plastiki ya miwa. Ila yale matofali yao magumu yanayobanana, hayo bado yanawatoa jasho. Mwaka 2021 walionyesha tofali la majaribio lililotokana na chupa zilizotumika, na 2023 wakaliacha, wakisema halitapunguza hewa ya ukaa kama walivyotarajia. Kama wenye fedha zile wanahangaika, sisi tunajidanganya nini? Hata mbarika, ule mmea unaojiotea kwenye viwanja vyetu, mafuta yake yanatengeneza nailoni ngumu, na kazi hiyo ni ya miaka mingi. Lakini plastiki ya shambani inataka ardhi na maji, na hapa kwetu maji tunayajua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: plastiki siichukii. Miaka ya themanini mwanzoni, maduka yakiwa rafu tupu, jamaa alimletea binti yangu wa kwanza mdoli wa plastiki kutoka Dar es Salaam. Mkono ulipong'oka nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga. Nywele zilipoisha mama yake akashona za katani. Shingo ilipopasuka niliziba kwa kisu cha moto, kama tulivyokuwa tukiziba ndoo. Mdoli ule ulilelewa na mabinti zangu watatu, kisha ukahamia kwa jirani, na kila aliyeupokea alijua kovu gani lilitokana na nini. Haukuwahi kuonja moto wa jalalani. Plastiki haiozi, haiogopi mvua, inavumilia mkono wa mtoto. Kitu cha namna hiyo, kilichotoka ardhini mara moja tu, nyie mnakipa wiki moja na kiberiti!

Na hapa ndipo ninapowagombeza kweli. Hasira yangu si kwa sababu mnanunua. Mnanunua ili mwonekane. Sherehe ya mtoto wa miaka miwili inajaza mifuko mitatu ya midoli, picha zinapigwa, kesho yake mtoto anacheza na kifuniko cha sufuria. Nanyi walimu, nani aliwafundisha kwamba mkono wenye udongo ni aibu? Nitajibu mwenyewe: sisi wazee. Tangu 1967 tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea, masomo pamoja na kazi za mikono, na tukaiharibu kwa mikono yetu. Mtoto akichelewa namba, jembe. Akipiga kelele, jembe. Tuligeuza kazi kuwa adhabu, ndipo mkakua mkidhani aliyeelimika ni yule asiyeshika kitu. Kwa hilo nawaomba radhi, wanangu.

Lakini msilipitishe kwa wajukuu zangu. Mtoto anayejua kukunja waya hadi upate usukani, na kukata tairi kwenye kandambili iliyochakaa, huyo uchache wa plastiki hautamkuta mikono mitupu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vijana wa chandimu wa mtaa wetu walikosa mifuko ya kusukia mpira kwa siku kadhaa tu. Wakarudi kwenye soksi na matambara, mechi ikaendelea.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msichome midoli, moshi wake ni sumu, na mnaowavutisha ni watoto. Wanaokusanya chupa hawanunui mdoli uliochanganya plastiki za aina mbalimbali na skrubu na betri, kwa hiyo msitegemee kwamba atakuja wa kuuchukua. Nunueni kimoja kinachofunguka kwa bisibisi. Azimishaneni. Walimu, ondoeni midoli ya plastiki kwenye orodha ya mahitaji ya shule.

Jumamosi asubuhi nitakuwa nje kwangu, chini ya mwarobaini, na koleo mbili, kisu na jiko la mkaa. Leteni magari yasiyo na matairi na midoli isiyo na mikono, na mtoto aje pamoja nayo, maana atakayeshika koleo ni yeye. Mwalimu wa mjukuu wangu naye namkaribisha kwa moyo mweupe. Ng'ombe mmoja tulimwokoa kwenye ndoo ile, yule mwenye nundu. Pembe moja imekatika, na mjukuu ameshaokota mwiba mwingine.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Dodoma