Barua kwa Mwangi: miguu ya Scheffler iache kwanza

Arusha

Ndugu yangu Mwangi,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Video zako zimefika, na swali lako nimelielewa: ile miguu ya mcheza gofu Scottie Scheffler, inayoteleza anapopiga, inafanya kazi gani, na je, uwafundishe vijana wako kuiteleza vile? Usiwafundishe. Ila sababu yake inahitaji maelezo kidogo, maana ndani yake kuna mambo ambayo wanapaswa kuyajua.

Anza na anachofanikiwa nacho. Mwaka 2023 Scheffler alikuwa nafasi ya 162 katika takwimu za PGA Tour, mashindano makuu ya gofu ya Marekani, za kusukuma mpira kwenye grini (nyasi fupi yenye shimo), na bado alishinda shindano la The Players. Mtu anayesukuma hivyo na bado anabeba kombe, ujue kazi yote ilifanyika kabla hajafika grini. Baadaye akarekebisha kusukuma akiwa na mwalimu Phil Kenyon, akabadilisha na fimbo yenyewe, na matokeo tuliyaona: Masters na dhahabu ya Olimpiki 2024, kisha PGA Championship na The Open 2025. Lakini upigaji wake wa aini (fimbo za chuma za kupigia kuelekea grini) haukubadilika. Huo ndio wa kuuchunguza.

Sasa miguu. Akishuka na fimbo, mguu wa kulia huteleza kuelekea nyuma, mbali na mstari wa mpira, na wayo wa kushoto hugeuka kuelekea lengo, wakati mwingine ukiinuka karibu wote. Cheza video polepole uangalie mpangilio. Uzito unahamia kushoto kwanza, mikono ikiwa bado juu. Mguu wa kulia unapoanza kuteleza haubebi tena mzigo wa maana, ndiyo maana unateleza. Kisha mguu wa kushoto unasukuma ardhi kwa nguvu, goti linanyooka, nyonga ya kushoto inarudi nyuma, na wayo unazunguka kwa sababu msukumo huo lazima utokee mahali. Faida yake ni nafasi: nyonga hazisogei kuelekea mpira, kwa hiyo mikono inapata njia ya kupita mbele ya mwili. Yeye ni mrefu, karibu mita 1.9, na mtu wa urefu huo nyonga zikisogea mbele hata sentimita chache, mikono inakosa pa kupita na uso wa fimbo unaanza kuokolewa kwa viganja.

Greg Norman naye alikuwa akiteleza mguu wa kulia, na Bubba Watson miguu yake ilicheza ngoma yake mwenyewe. (Ted Scott, kedi wa Scheffler, yaani mbeba fimbo zake, ndiye aliyembebea Bubba alipotwaa Masters 2012 na 2014. Huenda miguu ya namna hiyo haimshtui tena.) Randy Smith amemfundisha Scheffler tangu utotoni kule Dallas, na hakuigusa ile miguu. Aliona mpira unavyotoka, akaiacha.

Kijana wa hendikapu 15 (anayehitaji mapigo 15 hivi zaidi ya kiwango cha uwanja) akiiga, hiki ndicho kinachotokea. Anavuta mguu wa kulia nyuma akiwa bado juu ya swingi (mzunguko wa fimbo), uzito ukiwa haujahama. Nyonga zinazunguka papo hapo, bega la kulia linarushwa kwa nje, fimbo inakata kutoka kulia kwenda kushoto. Sehemu ya chini kabisa ya tao la fimbo inabaki nyuma ya mpira: ama anachimba ardhi kwanza, ama anauparua mpira katikati fimbo ikiwa imeshaanza kupanda. Video ya pili uliyonitumia, yule mwenye fulana nyekundu, ndiye huyo kabisa.

Kuhusu kilele cha swingi sitakuchosha. Mikono yake iko juu sana, tao ni pana, na kiwiko cha kulia kimeachana na mbavu kuliko vitabu vinavyopenda. Acha hivyo. Kijana asiye na mabega yanayozunguka vizuri hawezi kufika pale bila kuinua kifua, na akiinua kifua amepoteza mpira.

Pa kukaa ni kwenye mgongano wenyewe. Wastani wa PGA Tour uliochapishwa na TrackMan, kampuni ya vipimo vya rada, kwa aini 7 ulikuwa hivi: kasi ya kichwa cha fimbo maili 90 kwa saa, mpira maili 120, fimbo ikishuka kwa nyuzi 4.3, mpira ukitoka kwa mwinuko wa nyuzi 16 hivi na kuruka yadi 172 kabla ya kugusa chini. Uso wa fimbo yenyewe umelazwa nyuma kwa nyuzi 33 au 34, lakini mpira unatoka kwa takriban nusu yake. Ni kwa sababu mikono imetangulia mbele ya kichwa cha fimbo wakati wa kugusa, na uso umelala kidogo kuelekea lengo. Ukipiga hesabu ya tao kwa zile nyuzi 4.3, sehemu ya chini kabisa inakuja sentimita 10 hivi mbele ya mpira. Divoti ya Scheffler, yaani pale fimbo inapong'oa nyasi, inaanzia mpira ulipokuwa na kuendelea mbele. Nyuma yake nyasi haijaguswa. (Yadi hizo usizichukue kama zilivyo. Hapo Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ongeza asilimia sita hivi.)

Na hapo kwenu kuna mtego. Nyasi ya kikuyu inaubeba mpira juu, unakaa kama umewekwa kwenye tii fupi (kijiti cha kuinulia mpira). Kijana anaweza kuingia sentimita mbili nyuma ya mpira na bado ukatoka vizuri, akaondoka akijisifu. Mpeleke sehemu kavu iliyokatwa chini sana, au palipobaki udongo, ndipo utaona ukweli wa aini zake.

Simu isikudanganye pia. Kwa picha 240 kwa sekunde, fimbo inayokwenda maili 90 kwa saa inasafiri sentimita 17 kati ya picha moja na nyingine. Mpira unakaa kwenye uso wa fimbo karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa hiyo video haitakuonyesha mgusano hata siku moja, na ule mpini unaoonekana umepinda kama upinde ni kamera inavyosoma picha mstari kwa mstari. Tumia video kwa mwili: uzito umehama lini, nyonga ziko wapi, kichwa kimebaki nyuma ya mpira au la. Kamera ya nyuma iweke kimo cha mikono, ikitazama lengo sambamba na mstari wa vidole vya miguu. Ukiihamisha nusu mita, njia ya fimbo inaonekana nyingine kabisa. Ya mbele iwe mkabala na kifua. Hesabu pia mwendo: wachezaji wengi wa kulipwa hutumia karibu mara tatu ya muda kupanda kuliko kushuka. Picha 180 kupanda na 60 kushuka ni kawaida. Ukikuta 180 kwa 90, kijana anashuka polepole mno.

Mgusano wenyewe upime kwa chokaa. Chora mstari mweupe kwenye nyasi, ukikatiza mstari wa lengo, kisha mwambie apige hewa mara kumi, mstari ukiwa mahali pa mpira. Divoti zote zianzie kwenye mstari au mbele yake. Zikianzia nyuma, usimguse mikono: mwambie aanze na asilimia 60 ya uzito mguu wa kushoto na auache hukohuko hadi mwisho. Nane kati ya kumi zikiwa sawa, ndipo umwekee mpira.

Baada ya hapo, uso wa fimbo. Nyunyizia poda ya miguu, ile ya kopo, apige mitano, kisha tazama alama. Zikikusanyika mahali pamoja, hata kama ni upande wa ncha, tatizo ni dogo: mara nyingi amesimama mbali. Zikitawanyika, urefu wa tao unabadilika kila pigo, na hapo rudi kwenye nyonga. Kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) alama hizi ni muhimu zaidi, kwa sababu kitovu cha uzito wa kichwa chake kiko nyuma ya uso, na ukigusa nje ya katikati kichwa kinajipinda na kuupa mpira mzunguko wa ziada: ukigusa upande wa ncha unapinda kushoto, upande wa kisigino unapinda kulia. Usianze kulaumu njia ya fimbo kabla hujaiona poda.

Scheffler na draiva hupenda mpira unaoanzia kushoto kidogo na kurudi kulia. Kwa draiva, uso wa fimbo ndio unaoamua karibu asilimia 85 ya mwelekeo wa kuanzia. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Uso nyuzi 1 kushoto, njia nyuzi 3 kushoto, unapata pinde hilo dogo. Uso ukifunguka nyuzi 2 kulia kwa njia ileile, mpira unaishia msituni. Ndiyo maana mshiko unapewa heshima kubwa. Kwenye mazoezi yeye hutumia fimbo yenye kishikio cha kufinyangwa, kinacholazimisha vidole vikae mahali palepale. Mchezaji namba moja wa dunia anakagua mshiko wake kama mwanafunzi! Vijana wako wakikosa kishikio hicho, chora alama ya kalamu kwenye glavu palipo na kidole gumba na nyingine kwenye kishikio. Zikutane kabla ya kila mpira.

Yule wa fulana nyekundu muanzishe na chokaa peke yake kwa wiki mbili, bila draiva. Kisha nipigie picha ya divoti zake kutoka juu na ya uso wa aini 7 wenye poda, tuone kama tuguse nyonga au tumwachie. Video si lazima.

Wasalimie wote.

Wako,
Hamisi