Hiki kiroba cha paka na mbwa tuachane nacho jamani

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi gazetini kwako. Mi ni mama nauza chai na vitumbua Chikongola hapa Mtwara mjini na kuna jambo limenikaa kooni tangu mvua za mwaka huu, nalo ni kiroba.

Watu wa huku mnanielewa. Paka kazaa jikoni, au mbwa asiyejulikana katoka wapi kaja kalala barazani, basi anaitwa bodaboda, mnyama anatiwa kwenye kiroba, mdomo unafungwa kamba, kijana anaambiwa kamwage huko mbali. Paka wanapelekwa feri kwenye samaki eti kule hawafi njaa, mbwa wanamwagwa Mangamba au njia ya Mikindani. Elfu mbili, elfu tatu, unalala usingizi.

Mwenyewe nimefanya, sijifichi. Miaka mitatu nyuma paka jike alizaa kwenye kapu langu la nguo, watoto wanne, mi nikawatia wote na mama yao kwenye kiroba cha unga nikamlipa wa bajaji awapeleke feri. Siku ya tano alfajiri nawasha mkaa nasikia nyau mlangoni, kumbe ni yeye, kakonda mbavu zinahesabika, chuchu zimevimba maziwa na watoto hana hata mmoja. Alitembea toka feri mpaka kwangu peke yake. Sikumgusa tena yule.

Sasa mwaka huu, siku ya ile mvua ya radi, akaja mbwa wa kahawia akajikunyata chini ya meza yangu ya vitumbua, shingoni ana mkanda wa ngozi na kipande cha kamba kilichotafunwa. Yaani mtu mwenye macho anaona huyu katoka kwa mtu, kaogopa radi kakata kamba kakimbia. Lakini wateja wangu wote ni mawe tu na "mama mwite boda". Kijana mmoja kashaleta na kiroba. Nikamwambia mwanangu ngoja kwanza, huyu ukimpeleka Mangamba na mwenyewe yuko mtaa wa tatu kutoka hapa, atampatia wapi? Hapo ndo watu wengi tunapokosea, tunaona mbwa kapotea tunampoteza mara ya pili.

Wengine wakaniuliza wewe si Muislamu, mbwa wa nini. Muislamu ndiyo, na kwetu Washafii mate yake ni najisi, chombo akiramba naosha mara saba mojawapo kwa udongo, ndani kwangu haingii. Lakini najisi ndo apigwe mawe? Si tumefundishwa madrasa kisa cha yule mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake? Basi. Nikamuwekea maji kwenye kopo bovu pale nje, na ugali kidogo na dagaa, kidogo kweli, maana mnyama aliyeshinda na njaa ukimjaza kwa mkupuo anatapika. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali vinamchoma koo na tumbo. Na paka msimpe maziwa ya ng'ombe mkadhani mmemfaa, wengi yanawaharisha, mpe maji na kichwa cha samaki.

Ila kabla ya hayo yote nilimtazama kwa mbali kwanza, tena muda mrefu. Hapa naomba wasomaji mnisikilize. Mbwa anayetoka udenda mwingi, anayeyumba, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, anang'ata vijiti na mawe, au mkali ghafla bila sababu, huyo usimsogelee, ingiza watoto ndani uwape taarifa mtendaji na afisa mifugo wa kata. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa, tena kichaa hakiji na ukali siku zote, kuna anayekuwa mpole amelegea tu mtu anamuonea huruma anamshika. Huyu wangu alikuwa anatetemeka lakini alikunywa maji vizuri, nikachuchumaa ubavu bila kumkodolea macho, akaja mwenyewe.

Ukiumwa na mbwa au hata akikukwaruza, osha kidonda na sabuni kwa maji yanayotiririka dakika 15, zipimwe kabisa sio kukisia, halafu siku hiyohiyo hospitali, Ligula au kituo cha afya kilicho karibu, ukachomwe chanjo na umalize sindano zote ulizopangiwa. Habari za mafuta ya taa, tumbaku, sijui manyoya ya mbwa aliyekuuma uyachome upake, achaneni nazo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, ni kuchimba kaburi. Na mbwa aliyemuuma mtu msikimbilie kumuua mkamfukia, kama inawezekana kumfungia pahala salama anaangaliwa siku 10, maana akiwa mzima siku zote hizo basi hakuwa na kichaa mdomoni siku alipouma, na akifa wataalamu wa mifugo wanahitaji kichwa chake wakapime.

Na hapo ndo kiroba kinapokuwa hatari zaidi. Ugonjwa huu unaweza kukaa ndani ya mbwa wiki kadhaa hata miezi na yeye anaonekana mzima, sasa wewe umempakia Chikongola umemmwaga Mangamba, umetuma nini kule? Watoto wa Mangamba hawana mama? Wakubwa wenzangu mtakumbuka kuanzia 2010 mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa kwenye ule mradi wa Shirika la Afya Duniani na serikali wa kuchanja mbwa, chanjo ya bure, watoto wanakuja na mbwa wamewafunga khanga na kamba za katani. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa unakosa njia, na kwamba kuwaua ovyo hakuumalizi, wanazaliwa wengine wasiochanjwa wanajaza nafasi.

Turudi kwa mbwa. Nilimfunga kwenye mkorosho uani, mbali na kuku wangu na mbali na yule paka, maana hujui ana kupe gani na ugonjwa gani. Nikamwambia mwenyekiti wa mtaa, nikawaambia bodaboda wa kijiweni. Mwanangu akapiga picha akaweka kwenye grupu la wasap la mtaa, mi nikamkataza asionyeshe mguu wa nyuma wa kushoto, una kovu jeupe, mtu akija anasema wangu atuambie mwenyewe alama yake. Na kweli jioni ile akaja mmoja, kavaa vizuri tu, anasema wangu huyu wangu huyu, nikamuuliza ana alama gani, akasema mkia. Mbwa gani hana mkia!

Waliotusaidia ni watoto. Ukitaka kujua mbwa wa nani usiwaulize watu wazima, waulize watoto wa shule, wao wanajua kila mbwa wa kila geti, yupi anakimbiza na yupi anatisha tu. Walikaa uani wanamuita majina, Simba, kimya, Popi, kimya, Tomi, kimya, walipofika Bosi masikio yakasimama. Kesho yake wameuliza Bosi wa nani shule nzima, siku ya nne akaja mzee mlinzi wa Rahaleo na baiskeli, kabla sijafungua mdomo akasema ana kovu mguu wa kushoto nyuma alichomwa na msumari wa bati. Mbwa alilia kama mtu. Mzee alishaenda mpaka Naliendele kumtafuta sababu kuna mtu alimwambia mbwa wanaookotwa wanamwagwa huko.

Najua sio wote wana mwenyewe. Wakati gesi imechangamka mji wetu hapa watu walipanga majumba Shangani na mbwa wa kulinda, kazi zilipopungua wakahama, mbwa wakabaki getini wanasubiri. Kumtelekeza hivo ni ukatili, na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ila sijasikia mtaani kwetu mtu kaulizwa. Asiye na mwenyewe ukiweza kaa naye, mchanje kila mwaka, muhasi. Huwezi, mtafutie mtu kwa jina na sura, shamba la korosho halikosi mtu anayetaka mbwa. Tunachokimbia hasa ni kuzaa, mbwa mimba yake miezi miwili tu na paka wa miezi mitano anaweza kushika, basi tuwahasi kuliko kununua viroba.

Vitoto vya paka ukivikuta peke yao usivizoe haraka, mama yake mara nyingi kaenda kutafuta chakula, kaa mbali usubiri saa kadhaa. Hilo nimejifunza kwa aibu yangu.

Ombi langu kwa halmashauri ni siku za chanjo zitangazwe mtaani kwa gari la spika, wiki nzima kabla, maana tangazo la ubaoni ofisini mama wa vitumbua halisomi.

Yule paka yupo mpaka leo, kahasiwa, analala juu ya kapu lilelile. Ila nikitoa kiroba cha unga anatoka mbio mpaka kwa jirani, harudi mpaka nikikunje.

Mama Vitumbua,
Chikongola, Mtwara