Spika mbili za boksi lako

Pasiansi, Mwanza

Ndugu yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu na anauliza wale senene wake wameishia wapi.

Barua nimeipata. Umesema unataka spika ya gita ya wati 75 kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Nguvu ipi, kaka? Wati zilizoandikwa nyuma ya sumaku zinakwambia spika itavumilia kiasi gani kabla koili haijaungua, basi. Ukitaka kujua italia kwa ukubwa gani, tazama desibeli, yaani sauti inayotoa kwa wati moja. Hiyo Celestion G12T-75 unayoililia ni desibeli 97. Vintage 30, ya kampuni hiyohiyo, ni 100. Hizo tatu usizidharau, maana kuzifidia kwa ampu lazima uongeze wati mara mbili: ampu yako ya wati 30 ikiwa na Vintage 30 italia sawa na ya wati 60 ikiwa na hiyo yako. Na hiyo 30 ya kwenye jina isikuchanganye, spika yenyewe inabeba wati 60.

Mimi nilishafanya ujinga wa wati. Koni ilinichanikia siku mbili kabla ya harusi moja Kirumba, nikafunga wufa ya ukumbini, yaani spika ya besi, wati 300. Nilipogusa nyuzi tu nikajua nimekwisha. Gita la solo likawa kama mtu anaongea chini ya blanketi. Mpiga ridhimu alicheka mpaka akakosa mapigo. Spika ya gita ina koni nyepesi ya karatasi, kazi yake ni kusukuma mbele zile sauti za kati, na ikipita hezi 5,000 hivi inaanza kunyamaza. Hapo ndipo utamu wa gita ulipo. Ongeza twita, ile spika ndogo ya sauti kali, halafu kandamiza ampu mpaka ikorome, utasikia nyuki ndani ya debe.

Sasa uchague ipi? Greenback, nayo ya Celestion, ni wati 25, desibeli 98, laini, sauti za juu hazichomi. Vintage 30 inapenya tarumbeta na tumba bila kuomba ruhusa, lakini ukipanda juu na sebene safi inachoma sikio. Peke yake siipendi. Ningekuwa wewe ningeweka moja moja, kila moja inaziba upungufu wa mwenzake. Zote ziwe za omu 16 (huo ni ukinzani wake wa umeme), uziunge sambamba, upate 8 kama ampu yako inavyotaka. Ukichukua za omu 8 ukaziunga hivyo zinashuka hadi 4, na transfoma ya ampu ya valvu haitaki mzaha.

Ukiipata ya mtumba, bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kulia na kushoto sawasawa. Ikikwaruza, iache. Ukishafunga zote mbili, gusisha betri ya tochi kwenye waya: koni zote zitoke nje pamoja. Moja ikiingia ndani wakati nyingine inatoka, umegeuza waya, na besi yote itapotea.

Wewe nunua Vintage 30 tu. Greenback ya omu 16 ninayo chini ya kitanda, nitaifunga kwenye gunia na kuipakia meli ya Bukoba wiki ijayo. Meli ikirudi, senene wawe ndani.

Wako,
Mzee wa Solo