Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa ndege nne

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti ili mama yako asikie. Amefurahi kwamba umepanda cheo. Mimi nimebaki kwenye yale maneno uliyoandika mwishoni, kwamba tangu upewe kuongoza ndege nne huna tena raha ya kuruka, maana macho yako yote yako kwa wenzako, na kwamba rubani anayetajwa ni anayetungua, wala si anayesindikiza. Nimeyafikiria siku tatu. Sikulaumu hata kidogo.

Unajua baba yako hakurusha ndege hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa chini, kwenye injini. Kabla rubani hajapanda nilikuwa nafuta kioo chake kwa kitambaa laini mpaka kisibaki na doa, kwa sababu doa dogo kwenye kioo, ukiwa juu, unaweza kulidhania ndege ya adui. Zikisharuka, mafundi tunakaa kivulini na mazungumzo yanakuwa machache. Ngurumo ikisikika kila mtu anainuka, anahesabu. Siku moja tulihesabu tatu. Kiongozi wao alishuka, akavua kofia, akaja kwanza kwa fundi wa ile ya nne, kabla hajaenda kuripoti kwa wakubwa. Alimshika bega tu. Kila ninaposikia neno kamanda, mtu ninayemwona ni yule.

Kuna mwingine nataka umjue vizuri, Benjamin O. Davis mdogo, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1912. Baba yake naye alikuwa mwanajeshi. Davis aliingia chuo cha maofisa cha West Point mwaka 1932, na wenzake weupe wakaamua kumnyamazia. Miaka minne, mwanangu. Alilala peke yake chumbani, alikula peke yake, hakuna aliyemsemesha isipokuwa kwa jambo la kazi. Walitaka aondoke mwenyewe. Mwaka 1936 akahitimu, wa 35 kati ya 276. Alikuwa ameomba urubani, akakataliwa kwa sababu kikosi cha anga hakikuwa na kikosi cha weusi na hakikukusudia kuwa nacho. Akapelekwa askari wa miguu, na huko kwenye kambi ya Fort Benning hakuruhusiwa hata kukanyaga klabu ya maofisa.

Ndege alikuja kuipata mwaka 1941, jeshi lilipokubali kufundisha marubani weusi huko Tuskegee, Alabama. Darasa la kwanza walianza 13, wakapata mabawa, yaani beji ya urubani, watano tu, Machi 1942. Yeye alikuwa miongoni mwao, na mwaka huohuo akapewa kuongoza skwadroni ya 99, kikosi cha ndege za kivita cha marubani weusi. Hebu fikiri, mtu amejifunza kuruka juzijuzi, leo anakabidhiwa roho za watu. Naamini aliogopa kama unavyoogopa wewe, ingawa hakuwa mtu wa kuonyesha.

Mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili, waliwapeleka Afrika Kaskazini na ndege za kivita aina ya P-40. Baada ya miezi michache ripoti ya wakubwa ikasema hawana nidhamu ya kupigana angani, heri wahamishiwe doria za pwani. Davis alikuwa amerudishwa Marekani kuchukua Kundi la 332, lenye skwadroni kadhaa. Akaitwa mbele ya kamati ya Wizara ya Vita kujibu. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Angeweza kufoka; sababu alikuwa nazo tele. Yeye alieleza kazi ilivyo: skwadroni yake ilikwenda vitani na marubani wachache kuliko skwadroni nyingine, kwa hiyo kila mmoja aliruka mara nyingi zaidi, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuona vita ili awaonyeshe wengine njia. Uchunguzi wa jeshi ulipofanyika, ukaona 99 haikupungukiwa na skwadroni nyingine za P-40. Kisha Januari 1944, kule Anzio, Italia, vijana wale wale wakatungua ndege 12 za Wajerumani kwa siku mbili.

Sasa nije kwenye lile la kusindikiza. Kundi la 332, kutoka Italia, lilipewa kulinda ndege kubwa za mabomu zilizokwenda kupiga viwanda na reli za adui. Walipaka mikia ya ndege zao rangi nyekundu. Kila ndege ya mabomu ilikuwa na watu kama kumi ndani, na haina mbio za kumkwepa mtu. Adui alijua kuwachokoza walinzi: anajitokeza mbali, anakimbia, kijana mwenye hamu ya jina anamfuata, na nyuma yake wale kumi kwa kumi wanabaki uchi. Davis alikataza. Kaa na wale uliotumwa kuwalinda. Baadhi ya marubani wake iliwauma sana, maana waliona vikosi vingine vinajikusanyia idadi ya waliotunguliwa. Naye hakuwa akiamuru toka kwenye kiti. Aliruka misheni 60 mwenyewe.

Watu hupenda kusema hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu. Si kweli, na sipendi usifiwe kwa uongo wewe wala yeye. Kumbukumbu za jeshi zilipokuja kupekuliwa zilionyesha 27. Vikundi vingine vilivyofanya kazi hiyohiyo upande huo vilipoteza wastani wa 46. Mimi naishika tofauti hiyo, kisha naizidisha kwa kumi.

Na siku ya kupigana ilipofika walipigana. Tarehe 24 Machi 1945 walisindikiza mpaka Berlin, safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 2,500 hivi, na wakatungua ndege tatu za jeti wakiwa na ndege za pangaboi. Siku ile hawakumfuata adui mbali. Yeye ndiye aliyewajia.

Baada ya vita, Rais Truman alitoa amri mwaka 1948 ya kuondoa ubaguzi jeshini, na Davis akawa mmoja wa walioandaa namna jeshi la anga litakavyoitekeleza. Mwaka 1953 aliongoza wingi ya 51 (kikosi kikubwa cha ndege za kivita) huko Korea, weupe na weusi pamoja, na mwaka uliofuata akawa jenerali wa kwanza mweusi wa jeshi la anga la Marekani. Alistaafu mwaka 1970 akiwa luteni jenerali. Nyota ya nne, ya jenerali kamili, alivishwa mwaka 1998, ana miaka 85.

Nimerudia barua yako tena usiku huu. Umenieleza ndege yako, mawingu ya asubuhi, hata sauti ya injini inayokusumbua (mwambie fundi wako aitazame mara ya pili, usione haya). Lakini hao watatu wanaoruka nawe hujaniambia wanaitwa nani. Mama yako naye ameuliza hilohilo, anataka kuwataja anapokuombea.

Tuandikie majina yao.

Baba yako