Yaya, uniache na nyimbo zangu zenye sielewi

Yaya,

Nimesikia ile voisi yako mu grupu ya familia, yenye uko unacheka mpaka unakohoa, eti mudogo wako anamaliza mega zake juu ya mwanamuke yenye kulia mu luga yenye hajui hata salamu yake. Bantu bote bakacheka, sawa, hata mi nilicheka. Lakini nakujibu huku juu mule mu grupu nikiandika mistari mitatu tu, bako natuma picha za "asubuhi njema" na jibu langu linazama.

Kwanza nikuulize. Siku ya Mungu unaimbaka mu korali, Sanctus, Agnus Dei, macho umefunga kabisa. Kilatini ulisomea wapi? Hakuna yenye anakuulizaka unasikia nini mule. Na hapa kwetu Katanga, mu Congo, tulienda mbali zaidi, mu 1958 kule Kamina padri mumoja Mubelgiji, Guido Haazen, na batoto ba korali yake, balitosha Missa Luba, nyimbo za misa: maneno ni ya Kilatini, lakini ngoma na kuitikizana na ile namna ya kuvuta sauti ni ya Baluba. Bakaipeleka mpaka Ulaya. Kilatini haikuwa ya bale batoto, ngoma haikuwa ya bale bazungu, na bakaipenda hivyo hivyo.

Sasa yule mwanamuke wangu. Anaitwa Cesária Évora, wa Mindelo, mu visiwa vya Cape Verde, na ile luga ni Kikreoli ya kwao. Alizaliwa 1941, akaimba miaka na miaka mu mabari, dunia ilikuja kumujua akiwa mukubwa tayari, albamu yenye ilimutosha inje kabisa ni ya 1992, na mbele ya bantu alikuwaka anaimba miguu pekupeku, sigara haiko mbali. Sikiliza vile anaingiaka, yaya. Kale kagitare kadogo ka kamba ine kanatangulia, kanakimbia kimbia, yeye anachelewa kidogo, sawa muntu anamaliza kwanza sigara yake njo aanze kusema, na ku mwisho wa mustari sauti haikatiki, inashuka inashuka mpaka inabaki pumuzi tu. Ile pumuzi, kama angekuwa anaimba Kiswahili, singeisikia hata siku moja. Ningekuwa nafuata habari, nani aliacha nani, nani hakulipa mahari, juu ya nini hakurudi. Pale hakuna habari yenye kunivuta, masikio inabaki na kazi yake ya kusikia.

Na weye unapenda rumba, usikatae, nakujua. Rumba yenyewe ilitokea mu mambo haya haya. Tangu miaka ya 1930 zile disiki zenye chapa ya G.V. zilikuwa zinafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na nyimbo za Cuba mu Kispanyola, bazee bakazikamata na gitare zao, na bengine bakaimba Kispanyola ya kujitungia mu mudomo, mulio wa Kispanyola tu, Kispanyola yenyewe haimo. Leo rumba yetu iko ku liste ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, tangu 2021, na sijasikia muntu anasema bale bazee balikuwa bajinga.

Najua swali lako la pili: na kama anatukana? Inawezekana bwana. Mu 1963 Bamarekani balipandisha nyimbo ya Kijapani ya Kyu Sakamoto mpaka namba moja kwao, iko na muluzi mutamu sana mule ndani, kumbe Rokusuke Ei, yenye aliandika maneno, yalimutoka akirudi ku maandamano ya kukataa mukataba wa kijeshi na Marekani hiyo hiyo. Bengine banacheka Bamarekani juu ya hiyo. Mi naona nyimbo ilifanya kazi, huzuni ilifika, siasa njo ilibaki mu njia.

Halafu kumbuka siye pia tuko upande ule mwingine. Mwenda Jean Bosco, mupiga gitare wetu, Hugh Tracey, muzungu yenye alikuwa anakusanya miziki ya Afrika, alimurekodi mu 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na ile gitare yake ya vidole viwili, kidole gumba na cha pembeni yake. Alikuwa anaimba Kiswahili, hiki chetu cha huku, siyo cha Zanzibar. Ingia YouTube utakuta bazungu bamejifungia mu chumba bako nafundishana vile vidole, wapi gumba inarudi, wapi kamba inazimwa kidogo, na bengine bananungunika Kiswahili ya kuvunjika vunjika chini chini. Siye tunaelewa kila neno na tunamusikilizaka tukiosha sahani. Bale habaelewi kintu, na bamehesabu kila kidole! Sasa nani anamusikia Bosco zaidi? Mi sina jibu ya kukupa lakini inaniuma kidogo, nakuambia kweli.

Basi kesho nitakutumia tatu. Ya Cesária, ingine ya Youssou N'Dour, mwimbaji wa Senegal, mu Kiwolofu, na ya tatu sikuambii ni ya nani. Usisikilizie ku ile telefone yako yenye besi ilishakufa, omba ekuteri ya mutoto, ile ya kuweka mu masikio, na usikimbilie Google kutafuta maana kabla haijaisha. Ile ya tatu inaanza polepole, vumilia mpaka dakika ya pili.

Mudogo wako, Lubumbashi