Shemeji, usimhukumu mpokeaji wa akiba kwa hesabu ya pasi

Shemeji yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa watoto. Umeniambia yule kijana wa soka la Marekani anayesugua benchi, mpokeaji, yaani mtu wa kukimbia mbele adake pasi za mrushaji, hafai, maana msimu mzima pasi alizoshika hazifiki hata ishirini. Nakujibu hadharani kwa sababu mashabiki wengi wanapima hivyohivyo, na vijana wanaumia kwa kipimo hicho.

Wewe ni shabiki wa timu ya Dallas Cowboys, basi tuanze na mpokeaji wao wa zamani, Miles Austin. Alifika kikosini 2006 akitokea chuo cha Monmouth, hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi huchagua vijana wa vyuo. Msimu wa kwanza hakushika pasi hata moja. Wa pili akashika 5, wa tatu 13. Jumla 18 kwa miaka mitatu, shemeji! Kwa hesabu yako angeshafungashiwa virago. Ilipofika Oktoba 11, 2009, mpokeaji mwenzake Roy Williams akiwa majeruhi, Austin akapangwa kuanza dhidi ya timu ya Kansas City. Akashika pasi 10, yadi 250, tachidauni mbili (yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani), na ya pili, ya yadi 60 katika muda wa nyongeza, ndiyo iliyomaliza mechi 26-20. Kabla yake, Bob Hayes alikuwa ameshikilia rekodi ya klabu ya yadi za mpokeaji katika mechi moja, 246, tangu 1966. Austin akamaliza msimu ule na yadi 1,320.

Dalili zilikuwepo mapema, ila hazikuwa pale unapotazama wewe. Januari 2007, ile mechi ya mtoano dhidi ya Seattle ambayo watu wanaikumbuka kwa mrushaji wa Dallas, Tony Romo, kuponyokwa na mpira, Austin alipokea mpira wa teke la kuanzia akaukimbiza yadi 93 mpaka mwisho. Huyo ndiye asiye na pasi hata moja msimu ule. Na zile 13 za 2008 zilizaa yadi 278, zaidi ya 21 kwa kila pasi.

Mpokeaji wa akiba hajipangii nafasi. Anaingia mchezo mmoja mmoja, mara nyingi mrushaji ameshaamua kumtazama mtu mwingine kwanza, na pengine ameingizwa amzuie beki tu ili mwenzake apite na mpira. Kwa hiyo mimi kwanza nauliza amekimbia mara ngapi kujitenga ili arushiwe pasi, ndipo niulize ameshika ngapi. Halafu namtazama miguuni. Mpira unapoanza, je, beki anayemkaba anarudi nyuma kwa woga au amemsimamia kifuani? Anapokata kona, beki anapotea hatua mbili au anabaki ubavuni mwake? Runinga haikuonyeshi haya kwa sababu kamera inaufuata mpira. Tafuta ile picha ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22. Utakuta mtu yuko peke yake uwanjani, mkono juu, na mpira umekwenda upande wa pili. Kwenye takwimu hapo hana kitu, lakini kazi yake ameifanya.

Sisemi kila anayekaa benchi ni Austin aliyefichwa. Kevin Ogletree naye alikuwa wa Dallas, naye hakuchaguliwa kwenye drafti. Mechi ya kufungua msimu wa 2012 dhidi ya New York Giants alishika pasi 8, yadi 114, tachidauni mbili, na mji mzima ukamwimba. Msimu ulipoisha alikuwa na yadi 436 tu. Usiku mmoja mzuri unadanganya kama unavyodanganya msimu mzima wa kukaa nje, na wanaomtukuza kijana kwa mechi moja wanakosea sawasawa na wewe unayemkataa kwa pasi chache.

Ndiyo maana naona kocha anayetaka kumjua mpokeaji ampe mechi tatu nne mfululizo, acheze na mrushaji wa kikosi cha kwanza, akabwe na mabeki wa kwanza wa timu pinzani. Dakika za mwisho, mechi imeshaamuliwa na wapinzani wamewapumzisha wakubwa wao, hazinifunulii mengi, hata akifunga.

Huyo kijana wako nimemtazama. Anawaacha mabeki. Apewe namba, hata kwa mwezi mmoja, ndipo uniambie hafai.

Wako,
shemeji yako