Kitu cha kuazima kikiibwa, mwizi si kinga ya aliyeazima

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuandika neno, ila ile habari yenu ya kompyuta iliyoazimwa ikaibwa imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alihitimisha kwamba aliyeazima hadaiwi chochote, maana mwenye kosa ni mwizi. Ushauri huo utagombanisha ndugu.

Wizi ni jinai, kati ya dola na mwizi. Fidia ni kesi ya madai, na mwenye mali anaweza kumdai aliyeazima hata mwizi asipokamatwa. Waroma walimtaka aliyeazima awe mwangalifu kupita kawaida, kwa kuwa anafaidika bure, na Jaji Holt wa Uingereza akashika mkondo huohuo mwaka 1703 katika shauri la Coggs na Bernard. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, kifungu cha 151, inadai uangalifu wa mtu mwenye busara ya kawaida kwa mali yake mwenyewe. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, wafuasi wa madhehebu ya Shafii humtoza aliyeazima hata asipozembea. Wa madhehebu ya Hanafi hukihesabu kitu hicho kuwa amana, aliyeazima halipi mpaka akitumie vibaya au azembee.

Kinachoniudhi hasa ni maswali ambayo hamkuyauliza. Kompyuta iliachwa kwenye kiti cha gari? Mlango ulivunjwa, au haukufungwa? Alikuwa amempa mtu wa tatu? Siku ya kurudisha ilikuwa imepita? Hayo mawili ya mwisho ni mazito kuliko yote. Chini ya kifungu cha 1881 cha sheria ya madai ya Ufaransa, anayekitumia kitu kwa kazi nyingine, au kukaa nacho kupita muda, hubeba hasara hata ikitokana na ajali tupu. Kifungu cha 1882 kinambana aliyeweza kuokoa kimoja tu, chake au cha kuazima, akaokoa chake. Na 1883 ndicho watu hawakijui kabisa: thamani ikikadiriwa wakati wa kuazimana, hasara ya ajali ni ya aliyeazima, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Halafu kuna ushahidi. Katika sheria ya Kiingereza, si kazi ya mwenye mali kuthibitisha uzembe. Aliyekuwa na kitu ndiye anayethibitisha kwamba hakuzembea. Mlango usio na alama ya kuvunjwa unamweka pabaya, na bima nazo hukataa madai kwa sababu hiyohiyo. Bima ya mwenye mali ikilipa, inaweza kumgeukia aliyeazima kudai fedha zake.

Tukiwa hapo, kuna na vibao vya "hatuhusiki na upotevu" kwenye maegesho na kwa mafundi, ambavyo magazeti huvinukuu kama sheria. Mwenye maegesho akichukua ufunguo wako amepokea gari alitunze. Akikupa nafasi tu, ukabaki na ufunguo, mara nyingi hakupokea kitu. Kibao peke yake hakimalizi swali hilo.

Chapisheni basi kikaratasi cha kukata chenye mistari sita: jina la kitu, namba yake ya kiwandani, kazi kilichoazimiwa, siku ya kurudi, thamani ya siku hiyo (si bei ya kipya), na nani analipa kikiibwa bila uzembe. Kwa simu, mwenyewe abonyeze *#06# na kunakili tarakimu 15 za IMEI, namba ya kuitambulisha simu hiyo, kabla ya kuitoa, kwa sababu ikishaibwa polisi wataziulizia. Na masahihisho yatoke ukurasa uleule uliobeba habari ile, kwa herufi za ukubwa uleule.

Msomaji wenu